Panya ya mu Coffret

Bwana yangu Alimasi hakuogopa courant hata kidogo. Miaka kumi na mbili alitengeneza masanduku ya umeme mu Lubumbashi, yale banaita coffret, na mbele ya kufungua moja alikuwa anainusa kwanza, sawa vile miye ninanusa samaki ya soko. Alikuwa anaogopa bantu. Na hakukosea, ile wakati ya Zaïre bantu ya usalama banaweza kukubeba, usirudie tena, sababu ya kucheka tu.

Siku moja asubui, ku mukutano ya chama, micro ya kusemea ikazimika paka vile président wa section alianza kusema. Bantu mia tatu bakageuka kuangalia Alimasi, fundi wa umeme ya ile siku. Alimasi akafungua coffret. Akatoa fusible, zile fyuzi, moja moja, akafuata kila waya na mukono, mpaka akapata moja nene isiyo mu plan. Ilipita mu ukuta, ikaingia mu nyumba ya ule président wa section mwenyewe, ku frigo zake tatu za kuuzisha bière, pombe ya chupa. Njo zilichoma fusible.

Utaandika ile mu rapport, weye? Na Kasonde, muntu ya usalama, iko amesimama nyuma yako, anasema hii ni sabotage, anataka kujua ni nani? Alimasi aliandika: panya iliingia mu coffret. Kasonde akasoma, akamuambia kesho saa sita alete ile panya, kama hapana, yeye njo atabebwa.

Akarudia nyumbani, akaniambia yote kwa sauti ya chini. Siye ni Waislamu wa Maniema, panya hatuishike. Lakini jirani yetu Bwalya, mwanamuke mwenye roho nzuri, alikuwa anazitega mu mashamba ya kule Kasungami, anakula na bukari, ile ugali yetu. Nilimuomba moja, sikumuambia ya nini. Alinipa mubichi, ya kunona, akacheka, akasema kumbe sasa nimeanza kujua kula. Niliichoma mbavu ku moto nikifumba macho, ionekane kama courant njo imeiua.

Kesho yake tulienda kwa Kasonde bote wawili, juu sikuweza kubakia. Kasonde alifungua ile gazeti tuliifungia, akageuza panya na kalamu, akaangalia mukia, akaangalia meno. Nikajua tumekwisha, na sikujua juu ya nini.

"Mama, hii ni panya ya mu shamba, ya kula," akasema polepole. "Miye ninazikula tangu utoto. Haziingiake mu coffret. Nani alikupa, juu ya kuficha sabotage?"

Alimasi akafungua kinywa. Nilijua atasema ni yeye mwenyewe aliitafuta, na batamubeba pale pale mbele yangu. Mungu anisamehe.

"Ni Bwalya," nikasema. Na hakuna muntu aliniuliza zaidi, lakini nikataja avenue yake, na numero ya nyumba.