Dodoso la Dawa za Presha

Juzi nilikuwa nimeketi barazani kwa jirani yangu, mtaani Kibokoni, akaja binti mwenye tableti ya kujazia majibu, anayefanya utafiti wa afya nyumba kwa nyumba. Jirani ana presha.

"Mzee, dawa zako wazitumia kila siku?"

"Kila siku," akajibu, mkono kifuani.

"Mwongo huyo, mwanangu!" ikasikika sauti ya mkewe nyuma ya pazia. Akatoka na paketi tatu za vidonge, zote hazijafunguliwa.

"Aliyeulizwa ni mimi," jirani akalalamika.

Binti akasema jibu ni moja tu, ndiyo au hapana.

"Basi tia ndiyo. Kila siku natia nia ya kumeza."

"Mzee, nia haina mahali humu."

Mkewe hakungoja. Alimtilia kidonge kiganjani, akamsimamia na gilasi ya maji mpaka akakimeza.

Nadhani watafiti wangeanza na walio nyuma ya pazia, tungejua hali zetu mapema. Nilikuwa bado nacheka binti aliponigeukia: "Na wewe, baba, kuna dawa unayotumia?"

Nikatazama kwanza kama mke wangu yuko karibu.