Bunduki ya Kufukuza Ndege

Mume wangu alikuwa fundi wa baiskeli na wa taa za presha pale Beni, na kitu kizima kilikuwa kinamuudhi. Akikuta mlango unafungika vizuri, ataung'oa ili ufungike vizuri zaidi. Ndivyo ilivyoanza habari ya bunduki ya upepo.

Aliipata kwa mzee mmoja aliyekuwa anakimbia vita kupitia Kasindi, mpakani. Ilikuwa ya kufukuzia ndege kwenye mpunga wetu, upande wa Oicha. Ilirusha kirisasi kidogo, na chini ya mtutu ilikuwa na mkono wa chuma. Unaufungua, unaufunga, upepo unajaa, na kila ukirudia mkono unazidi kuwa mgumu, mpaka unaubana kwa goti huku umeuma meno. Baada ya jasho lote hilo ndege anashtuka tu, anahamia mpunga wa jirani. Kupampu ilikuwa kazi yangu. Yake ilikuwa kupiga na kukosa. Nilimwambia mbele ya dada zake kwamba ndege wanamjua na wanamdharau, na nilikusudia imuume.

Basi akaifungua. Akatoa ngozi ya pampu iliyochakaa, akakata nyingine kutoka ulimi wa kiatu, akailoweka kwenye mawese. Kwenye ule mkono akaunga kipande cha bomba la fremu ya baiskeli ili uwe mrefu. Ukawa mwepesi ajabu, ningeweza kupampu huku nanyonyesha. Nguvu nayo ikaongezeka. Ndege wakaanza kufa, halafu akatoboa bati, halafu akatoboa ubao wa mlango wetu wenyewe, mpumbavu yule. Kwenye kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akawaambia watu kwamba sasa anayo silaha.

Silaha! Alilitamka neno hilo wakati mji umejaa askari wanaopekua nyumba, na mwanamume aliyekutwa na bunduki alichukuliwa, hakurudi. Ulimi huponza kichwa, na kichwa kile ndicho kilichokuwa kinawalisha watoto wangu.

Walikuja mchana, komanda na vijana wake wawili. Bunduki ilikuwa imeegemea ukuta, kirisasi kimo ndani, wala hatukuificha.

"Papa, banasema uko na silaha."

"Hapana, komanda. Hii ni ya kufukuza ndege. Ni muchezo tu ya batoto."

Komanda akaketi kwenye benchi yetu, akaanza kupampu. Anapampu anaongea, anapampu anacheka. Bunduki ya zamani ingemwonya kwa ugumu wake. Hii ya mume wangu haikumwambia kitu. Mimi niliyeizoea nilijua upepo umeshapita kiasi cha kuua ndege, umepita na cha kutoboa ubao, na bado anapampu.

"Iko laini," akawaambia vijana wake. "Haiko na nguvu hata kidogo." Kisha akamtazama mume wangu. "Kama ni muchezo, tucheze. Simama pale kwa mupapai."

Akikataa, amekiri kwamba ni silaha, nao watamchukua. Akikubali, atapigwa na kazi ya mikono yake. Alikwenda kwenye mpapai, shingo imelowa jasho. Sikuweza kunyamaza.

"Shefu, usimupige. Iko na nguvu. Ni yeye mwenyewe aliitengeneza."

Mume wangu alinitazama kwa chuki ambayo sikuwahi kuiona usoni pake. "Bibi yangu ni mwoga. Hata panya anamukimbiza. Piga tu, komanda."

Komanda alifurahi kweli. Ugomvi wa mke na mume ni burudani ya bure. Akanitupia bunduki mikononi. "Basi mama ndiye apige. Na ukimukosa makusudi, nitapiga miye, na hii yangu." Akaigonga bunduki yake ya vita.

Sikuwa nimewahi kupiga, kazi yangu ilikuwa kupampu. Nililenga chini, mbali na tumbo. Niliogopa, lakini hasira nayo ilikuwepo, na ilikuwa zaidi kwa mwanamume yule wa kwenye mpapai kuliko kwa askari. Nikavuta.

Suruali yake nyeusi iliruka kidogo juu ya goti. Akacheka.

"Unaona, komanda? Sawa mbu tu."

Vijana wakacheka pia. Komanda akamwagiza mume wangu kasiksi, yeye mwenyewe, si mimi. Akaingia ndani, akatoka na dumu, anatembea wima, na kila hatua nikasikia majimaji ndani ya buti lake la mpira. Wakanywa polepole. Kijana mmoja akaanza kuimba kwa Kilingala, wakamtaka papa acheze kidogo. Akacheza. Alizungusha kiuno na kucheka, uso umekuwa wa majivu, nami nikapiga makofi kwa sababu waliniamuru nipige.

Walipochoka waliitupa bunduki kwenye majani, wakaondoka. Walishafika barabarani, yeye bado anacheka.

"Nyamaza, baba batoto. Balishaenda."

Akaanguka kwenye benchi. Nikamvua buti. Lilikuwa zito. Akachana suruali, akaingiza kidole kwenye tundu kutafuta ile risasi, akakunja uso, akakitoa kidole, akakitazama.

"Imefika ku mufupa," akasema, taratibu, kama anayekagua kazi ya fundi mwenzake. "Lakini iko na nguvu, hein?"

Nikaligeuza lile buti, nikamwagia damu yake miguuni, nikaingia ndani kutafuta kitambaa.