Siku Niliyowaambia Watu Wasubiri

Kilichoninyima usingizi juma lile ni swali moja: nikinyamaza, watasahau? Naona aibu kulisimulia hata leo, lakini ninyi ni rafiki zangu, nichekeni taratibu.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Kisongo na shahada ya hali ya hewa, na Jumapili moja baada ya ibada baba (ni mzee wa kanisa, na mahafali yangu alishayasimulia mpaka watu wakachoka) akanisimamisha mbele nieleze kwa nini mvua zimebadilika. Nikaeleza nilichosoma: kaboni dayoksaidi inavyoongezeka, joto linazidi na hewa inabeba mvuke mwingi zaidi, lakini ule mzunguko mkubwa wa hewa ya tropiki, unaopanda huku na kushuka kule, unapungua kasi. Hapo ningekaa. Ila jirani yetu, Mama Naserian, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, sisi hatuna shamba huko hewani. Tupande wiki hii au tusubiri?"

Watu wakacheka, nami nikaogopa kusema sijui (shahada nzima, halafu sijui?), nikajibu, "Subirini kidogo."

Baba akaliweka jibu langu kwenye matangazo ya kanisa. Waliozoea kupanda kwenye vumbi kabla ya mvua, mama yangu akiwa wa kwanza, wakarudisha mbegu stoo. Siku chache baadaye mvua ikashuka, nzuri kweli, shamba likawa tope ng'ombe wa kulimia hawapiti, na lilipokauka tukapanda, mvua nayo ikakata. Mahindi ya wasiokuja ibadani, waliopanda kwenye vumbi kama kawaida, yalifika magotini. Yetu yalinyauka yakiwa nusu ya kimo hicho.

Hakuna aliyenigombeza. Mama Naserian tu, tulipokutana bombani, alinitangulia: "Shikamoo, mtaalamu." Mama wa umri ule, ananiamkia mimi. Na baba akawa anawaambia watu kwamba mvua ndiyo iliyokosea.

Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, nikasimama bila kuitwa.

"Nilichosoma ni cha dunia na cha miaka mingi. Cha shamba lenu wiki ile sikukijua, nikaona aibu kusema. Mvua haikukosea."

Baba aliinamia Biblia yake.

"Na mwakani tukikuuliza?" Mama Naserian akasema kutoka nyuma.

"Nikiwa sijui, nitasema sijui."

"Haya, kaa."

Jumatatu asubuhi nilikuwa shambani kwake na panga, nikimkatia ng'ombe wake mahindi yaliyokauka.