Sinema Iliyopigwa Pito

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa shuka. Nilitegemea projekta, maana ndiyo niliyosomea, lakini Bwana Utamaduni wa wilaya alinipa shuka jeupe kubwa na kamba zake, akaniambia, "Kijana, sinema inaanzia kwenye shuka. Likilegea, mheshimiwa kwenye picha anapinda mdomo mbele ya wananchi, na kazi huna." Gari la sinema la serikali lilikuwa na jenereta na filamu za kilimo bora cha mahindi. Upepo wa Ufipa haupendi kuona kitu kimetandazwa, kwa hiyo nilijifunza kufunga kamba kabla ya kujifunza kingine chochote.

Nawaeleza hivi ninyi mnaotazama sinema kwenye simu mkiwa mmelala, mjue kwamba ilikuwa kazi ya mikono.

Ilipokuja ruksa ya biashara huria, gari liliegeshwa nyuma ya ofisi likaota majani, na sisi tukapunguzwa kazini. Deki za video zikaanza kuingia kupitia mpaka wa Tunduma pamoja na mitumba. Tajiri mmoja wa mtaa wa Majengo akafungua banda la video, akaniajiri. Ndani ya mkanda wa video kuna utepe mweusi, na utepe huo unapita juu ya kichwa cha deki. Kichwa kikishika uchafu picha inaingia chenga, zile nukta nyeupe zinazorukaruka kama unga unapopepetwa. Kila asubuhi nilikisafisha kwa spiriti na kitambaa laini.

Lakini kazi yangu hasa ilikuwa kutafsiri. Filamu zilikuwa za Kichina na za Kihindi, basi nilifunga sauti ya deki, nikashika maiki na kuwasemea wote, wanaume, wanawake, hata mbwa. Maneno yalisikika ndani na pia kwenye spika ya nje, juu ya mlango, iliyofungwa pale kuvuta wapita njia. Tajiri alikuwa na sheria moja. "Hakuna sinema mbaya," alisema. "Kuna mtafsiri aliyenyamaza." Na kweli, filamu ikipooza nilimbambikia shujaa mke wa pili, na watu wakaondoka wameridhika.

Kisha wakaja watu wa Dar es Salaam kupiga sinema yetu wenyewe, ya Kiswahili, habari ya kijana mkulima wa Ufipa aliyetumiwa radi na wachawi. Mnaijua sifa tuliyopewa na watu wa mbali kuhusu radi; sisi tumeshaizoea. Walipiga picha kwaya ya Kaengesa mlimani, wanawake wakipepeta ulezi, na siku nyingi zaidi walikaa kijijini Pito, kwenye shamba la mjane aliyeitwa Mama Kristofa. Steringi, ndivyo tulivyomwita mchezaji mkuu, alishika plau akiwa na buti mpya, na maksai wakamtazama tu. Ikabidi Kristofa, mtoto wa pekee wa yule mama, asimame nyuma ya kamera na kuwaita kwa majina, steringi akichezesha midomo. Hapo wakaenda. Kristofa naye alipigwa picha, akaambiwa atakuwa rafiki wa steringi na ndiye atakayeuawa na radi katikati ya hadithi. Alitangaza habari hiyo Pito nzima, akicheka.

Masika yaliyofuata aliugua homa, akafa kabla sinema haijatoka.

Tangu hapo mama yake alikuwa akipita bandani kila alipokuja sokoni. "Shikamoo mama," nilimwamkia. "Marahaba baba. Imekuja?" Nikamjibu bado. Siku moja hakuondoka. "Hatukuwahi kumpiga picha huyu mtoto," alisema. "Sura yake naanza kuipoteza. Juzi nimemwota, amekuja na uso wa mjomba wake. Sasa nifanyeje?" Nilimwahidi tu kwamba siku ya sinema atakaa mbele.

Sinema ikaja. Gari la matangazo lilizunguka mji mzima, na Jumapili baada ya misa banda likajaa hadi watu wakakaa juu ya magunia. Mama Kristofa tulimpa kiti chenye mgongo.

Jamani, debe tupu haliachi kuvuma. Sinema nzima watu wamekaa kwenye masofa ya Dar es Salaam wanasutana. Kwaya ya Kaengesa tuliiona migongo, tena kwa muda wa mtu kupiga chafya. Radi ilikuwa balbu inayowashwa na kuzimwa. Rafiki wa steringi alikuwa kijana mwingine kabisa, wa mjini. Niliona mabega ya Mama Kristofa yakishuka, nikaumia. Watu wakaanza kupiga kelele, "Mtafsiri, tuokoe!" Tajiri akanipa ishara kutoka mlangoni. Steringi ndiyo kwanza alikuwa ameshika plau. Nikafunga sauti, nikainua maiki.

Mama Kristofa akasimama. "Nyamaza, baba. Yumo."

"Mama, yule si yeye."

"Sijasema anaonekana. Rudisha."

Nilirudisha mkanda nyuma, nikafungulia sauti yote, ya ndani na ya spika ya nje. Steringi alifungua kinywa, na kinywani mwake ikatoka sauti ya Kristofa, ile ya puani kidogo, ya kijana aliyekulia kwenye Kifipa. "Haya, Mashaka. Taratibu, Tulizo. Mama anatuangalia." Midomo ya yule bwana ilifuatisha kila neno. Hapakuwa na mama yeyote kwenye picha ile. Mama alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba siku ile, na sasa alikuwa amesimama mbele yetu.

Mtu mmoja nyuma akasema ni kufanana tu, Wafipa wote tunaongea hivyo. Nikarudisha tena ili tuhakikishe. Ndipo tukasikia nje mwenye mkokoteni akigombana na ng'ombe wake. Walikuwa wale maksai wa Pito, waliouzwa Majengo baada ya msiba, wakawa wanabeba mahindi, na walikuwa wakipita barabarani chini ya spika yetu. Pazia la gunia likasogea. Kichwa cha Mashaka kikaingia, pembe zikagonga mhimili, akasimama anatazama gizani tulimokaa, masikio mbele. Hakuna aliyecheka. Tajiri, ambaye alicheka hata misibani, alivua kofia.

Baada ya hapo Mama Kristofa akawa anakuja asubuhi, kabla ya wateja, nami namwekea kipande kile kile. Alikigeuza kiti akaipa runinga mgongo. "Uso si wake," aliniambia. "Nikiuzoea, nitamwota nao." Akasikiliza akitazama ukuta, kisha akaaga na kwenda sokoni.

Nilikaa kazini hadi dishi zilipojaa kwenye mapaa na tajiri akaamua kufunga. Watu huniuliza, mzee, katika miaka yote ile sinema ipi ilikuwa bora? Nawaambia ni ile mbaya kuliko zote, nao hudhani uzee umenipanda kichwani. Ninachojua ni kwamba watengenezaji wanaahidi vingi, na wakati mwingine kinachotufikia ni kile walichosahau kukikata.

Siku ya mwisho, kabla deki haijachukuliwa, Mama Kristofa alikuja akiwa na fimbo. Niliweka mkanda. Utepe ukirudiwarudiwa mahali pamoja hulika, na picha hulika kabla ya sauti. Tulipofika kwenye plau, steringi hakuwepo tena. Zilibaki chenga tupu, na ndani yake ile sauti, safi kama siku ya kwanza. Nilinyoosha mkono nirekebishe, nikasikia kiti kikiburuzwa sakafuni.

Alikuwa amegeuka.

"Acha hivyo hivyo, baba," alisema. "Wamemwondoa yule."

Mimi niliona chenga tu. Yeye alisogea mbele, mikono juu ya fimbo, na Kristofa aliposema mama anatuangalia, akaitika polepole, "Nakuona, mwanangu. Umekonda."