Mkono Juu ya Utosi

Nilipohitimu kisomo cha usiku, kijiji chetu cha kati ya Madimba na Mto Ruvuma kiliniona profesa. Nikakabidhiwa darasa la vidudu, yaani watoto wasiofikia umri wa shule: thelathini, ndani ya ghala la korosho, kelele zao zikisikika Msumbiji. Msimu ulipokaribia, ghala likatakiwa. Shule ya msingi ilikuwa na chumba kitupu, lakini mwalimu mkuu alisema vidudu si wa serikali. Ataamua mkaguzi kutoka Mtwara; asiporidhika, tutawanyike.

Mkaguzi akaja. Kina mama wakaacha majembe, wakajipanga ukutani. Nilidhani ataomba wimbo, au hesabu ya vijiti. Wapi!

"Pitisheni mkono juu ya kichwa, mshike sikio la upande wa pili."

Hicho ndicho kilichokuwa kipimo cha darasa la kwanza: mkono ukifika, umri umetimia. Wakashika wote, hata kale kadogo kalikoacha kunyonya juzi. Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye makubazi. Niliwafundisha mwenyewe, kwa mchezo tu: inamisha kichwa, vuta bega, sikio hili hapa.

"Mwalimu, hawa wamekua," mkaguzi akasema, akiandika majina. "Wote darasa la kwanza. Chumba cha vidudu cha nini tena?"

Vigelegele nusura ving'oe bati. Mimi nikawaona wanangu wamezama katika darasa la watoto themanini, hawana hata Kiswahili cha kuombea ruhusa ya kwenda chooni. Nyumbani ni Kimakonde tupu.

"Ndugu mkaguzi," sauti ikanitoka kama ya mbuzi, "wanainamisha vichwa. Nimewafundisha mimi."

Kisha mama mmoja akafoka, "Wewe mwalimu wewe! Mtoto keshaingia, unamtoa?"

"Ana miaka minne, mama."

"Kwani umemzaa wewe?"

Mkaguzi akashika kichwa cha mtoto wa kwanza kwa viganja viwili, kikasimama wima. Mkono ukaishia utosini. Wa pili, vilevile. Akaenda hivyo mmoja mmoja, nami nikitota jasho la kujaza kisima. Alipomaliza, akaifuta orodha yote.

"Wape kile chumba," akamwambia mwalimu mkuu. Kisha akaninyooshea kalamu. "Na wewe, mchezo huo ukome."

Jumatatu tukahamia. Mama yule alimleta mwanawe mpaka mlangoni, akamsukuma ndani, akaenda zake bila kunisalimu.