Kahawa Aliyolipiwa Jaji

Feruze Balliu hushona viatu ambavyo hajawahi kuviona vikiwa kamili. Vipande vya ngozi huletwa kutoka Italia vikiwa vimekwisha kukatwa. Yeye na wanawake wenzake huviunganisha ndani ya lililokuwa ghala la tumbaku, kisha lori huvirudisha Italia kutiwa soli. Lori hilo halijawahi kukwama mpakani. Kila anapotokea mtu wa kusema kwamba Albania bado iko mbali na Ulaya, Feruze ana jibu lake.

"Mikono yangu imeshaingia," husema. "Wamebakiza miguu."

Ni mjane wa miaka sitini na miwili, mfupi, mwenye sauti ya mkwaruzo na koti jeusi ambalo halivui mpaka Mei. Mwanawe yuko Stuttgart na humpigia simu kila Jumapili kumsihi auze kila kitu ahamie huko. Feruze humjibu kwamba atafikiria kesi ikiisha. Kesi yenyewe inahusu njia. Marehemu mumewe, Sali, alipanda mizeituni kwenye matuta yaliyo juu ya mtaa mwaka ule ardhi ya ushirika ilipogawiwa, na njia ya kufika huko ilipita nyuma ya nyumba ya jirani yao, Gani Muço. Gani alikuwa diwani wakati ule. Alipoigeuza nyumba yake kuwa ya kulaza watalii, alijenga ukuta wa mawe, na njia ikaishia ukutani.

Ipo njia nyingine: kushuka mpaka kijitoni na kupanda ng'ambo ya pili. Wakati wa kiangazi hata nyumbu huipita bila taabu. Lakini zeituni haziivi kiangazi. Huiva Novemba, na Novemba kijito hufurika.

Feruze alishtaki, akashindwa. Jaji wa wakati huo aliamua kwamba njia haikuwahi kuwepo, na aliamua hivyo bila kunyanyuka kitini kwenda kuangalia. Kisha likaja jambo ambalo mji mzima ulilifuatilia kwenye televisheni kama mechi ya mpira. Ili nchi ikubaliwe kuingia Umoja wa Ulaya, ilibidi kila jaji aeleze alivyopata nyumba yake, gari lake na shamba la mama mkwe wake. Wataalamu wa kigeni walikuja kuusimamia mchujo huo, na fedha zikaja pamoja nao. Jaji wa mji wetu aliulizwa habari za jumba lake la ufukweni. Akasema alirithi. Akaulizwa alirithi kwa nani, naye akaomba maji ya kunywa.

Siku alipofutwa kazi, Feruze alipeleka kiwandani sinia mbili za mkate wa jibini na mchicha, na wanawake walikula wakiwa wamesimama mashineni. Alidhani hukumu ya mtu aliyefukuzwa hufukuzwa pamoja naye. Wakili wake alimweleza kwamba sivyo: mtu ameondoka, hukumu imebaki, na dawa yake ni rufaa. Rufaa nayo ikawa na kasoro yake. Mchujo ule ule ulikuwa umewakumba majaji wa rufaa, na waliobaki wangeenea meza moja. Miaka ikapita. Jibu lilipokuja lilikuwa zuri, kwamba kesi isikilizwe upya, ila katikati ya kusubiri huko mahakama ya mji wetu ilikuwa imefungwa ili majaji wachache waliopo watumike vizuri. Sasa ilibidi kuvuka milima kwa mabasi mawili.

Katika miaka hiyo ya kungoja ulikuja ujumbe wa Ulaya kuzungumza na wananchi katika ukumbi wa utamaduni. Mzee mmoja mwenye ndevu za mvi zilizotunzwa alieleza, kupitia kwa mkalimani, kwamba mageuzi ni kama upasuaji, na mgonjwa hana budi kuvumilia. Feruze alinyoosha mkono.

"Mgonjwa mmeshampasua tumbo," alisema, "ndipo daktari kaenda kusomea udaktari. Huyu mgonjwa ashike nini mpaka arudi?"

Ukumbi ulicheka. Mzee naye alicheka, mkalimani alipomaliza, akasema hilo ni swali zuri sana, akamwita msemaji aliyefuata.

Isidhaniwe kwamba Feruze alitamani mambo ya zamani. Wapo wengi hapa wanaosema jaji mla rushwa ni afadhali kuliko kukosa jaji, kwa kuwa yule wa kwanza angalau bei yake inajulikana. Yeye alipowasikia kiwandani aliwakatiza. Yule alikuwa mwizi, alisema, na aende zake. Alichotaka ni mwingine aje.

Na mwingine alikuja. Rezarta Koçiu alikuwa jaji kijana, zao la shule mpya ya majaji, aliyekabidhiwa mafaili ya watu watano waliomtangulia. Kikao cha kwanza alifanya lile ambalo mtangulizi wake hakulifanya: alipanga siku ya kuja mwenyewe kuuona ukuta. Feruze alirudi na mabasi yake mawili akiwa haamini. Chini ya ukuta ule, upande wa kijitoni, yametokeza mawe ya njia ya kale, yamelika katikati kwa kwato za nyumbu wa vizazi na vizazi. Mtu yeyote mwenye macho angeyaona. Kilichokuwa kimekosekana miaka yote hiyo ni mtu mwenye mamlaka na macho kwa pamoja.

Wakili alimwonya. Jaji akifika, amsalimu tu kama wengine. Asimkaribishe ndani, asimpe hata glasi ya maji. Haya ni rahisi kuyasema. Kwetu, mgeni akipita mlangoni bila kunywa kahawa, aibu yake husimuliwa mpaka kwa wajukuu. Lakini Feruze alitii. Asubuhi ile aliificha birika ya kahawa kabatini, asije akajisahau. Akamwonya pia shemeji yake Novruz, mdogo wa marehemu, seremala mstaafu ambaye siku yake huanzia na kuishia mgahawani.

"Usimwambie jaji neno lolote," alimwambia. "Hata moja, shemeji. Umenisikia?"

Novruz alisikia, na agizo alilitimiza kikamilifu. Hakusema neno.

Jaji alifika mapema kuliko saa iliyopangwa, akiwa na karani wake na mwangalizi wa mradi wa Ulaya, mama wa Kiholanzi aliyekuwa akifuatilia mwenendo wa kesi. Wakaketi mgahawani kumsubiri wakili wa Gani, wakanywa kahawa. Novruz alikuwa pembeni akicheza domino. Walipotaka kuondoka, jaji aliita ankara, na Tasim, mhudumu, akasema imelipwa.

Wenyeji wanajua maana yake. Kumlipia mwenzako bila yeye kujua ndiyo adabu yetu na ndiyo mchezo wetu; wanaume hunyemelea kaunta kwa kisingizio cha kunawa mikono ili wawahi kulipa. Aliyelipa hatajwi. Anayelipiwa huangaza macho ukumbini, mtu fulani huweka mkono kifuani, basi, yameisha.

"Imelipwa na nani?" jaji aliuliza.

"Imelipwa tu, mheshimiwa."

"Nimeuliza na nani."

Tasim, ambaye maishani mwake hakuwahi kuulizwa swali hilo mara mbili, aliinua kidevu kuelekea kwenye domino. Novruz akaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa. Wakati huo huo wakili wa Gani alikuwa akiingia mlangoni. Alisimama, akatazama, akaelewa.

"Huyo ni shemeji yake mdai," alisema kwa upole mwingi.

Jaji alitoa pesa zake akaziweka mezani. Tasim akazisukuma zirudi. Jaji akamwamuru azipokee.

"Siwezi kulipwa kahawa moja mara mbili," Tasim alisema. "Huo sasa ndio wizi."

Feruze hakujua lolote kati ya haya. Alikuwa amesimama ukutani na koti lake, ameshafyeka nyasi mahali penye mawe, na alipowaona wakipanda kilima alinyoosha mgongo. Gani alikuwa barazani kwake, mikono mfukoni. Kabla jaji hajaufikia ukuta, wakili wa Gani aliomba kusema, na alisema kwa sentensi mbili tu. Karani aliandika. Jaji akaupa ukuta mgongo, akamgeukia Feruze.

"Mama, inabidi nijitoe katika kesi hii."

Akamweleza habari za kahawa. Feruze alimtafuta Novruz kwa macho. Novruz alikuwa nyuma kabisa, akitazama viatu vyake.

"Nikiendelea nikakupa ushindi," jaji alisema, "watakata rufaa kwa kahawa hii, na hukumu itatenguliwa. Utangoja miaka mingine halafu uanze upya. Bora niishie hapa."

"Ukiishia hapa, inakuwaje?"

"Itapigwa kura ya bahati, apewe jaji mwingine."

"Yupo?"

Jaji alimtazama karani. "Tuko wawili," alisema. "Mwenzangu yuko likizo ya uzazi."

Feruze hakupandisha sauti. Waliokuwepo wanasema aliongea kama mtu anayemuongoza mgeni barabarani.

"Sawa, mwanangu. Ila umeshafika. Mawe yako hapo, nyuma yako, hata hatua tatu hazifiki. Sikuombi uamue. Geuza kichwa tu, uone."

Rezarta Koçiu hakugeuza kichwa. Kuangalia kungekuwa kupokea ushahidi katika kesi ambayo haikuwa yake tena, na kila aliyepita shule ile angesema alifanya sawa. Alimpa Feruze mkono, akakumbuka, akaurudisha. Kisha wakashuka kilima, mwangalizi nyuma yao akiandika huku akitembea.

Novruz alingoja mpaka magari yalipoondoka.

"Mimi nimenyamaza kama ulivyoniambia," alisema.

"Ungesema, Novruz. Ungemtukana, hata. Tusi lingetugharimu kidogo."

"Alikuwa mgeni, shemeji. Nikae pale, mgeni ajilipie mwenyewe, watu waseme kina Balliu wameisha?"

Feruze aliingia ndani, na hakumsemesha tena mpaka zeituni zilipoiva. Novruz alijua kosa lake likoje kwa sheria. Kwa upande mwingine, hakuna mwanamume mjini aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza Feruze zaidi.

Masika ripoti ya mradi ilitoka. Binti ya Novruz, mwalimu, aliisoma kwenye simu, na kwa nia njema akamtafsiria Feruze aya moja. Bila kutaja majina, ilieleza jinsi jaji wa mji mmoja mdogo alivyojitoa katika kesi kwa sababu ya kikombe cha kahawa, na kwamba huo ni ushahidi kuwa utamaduni wa uadilifu umeanza kuota mizizi.

"Ukuta umetajwa?" Feruze aliuliza.

"Haujatajwa, mama mkubwa."

"Haya. Funga simu, tule."

Novemba iliyofuata hakukuwa na jaji, kijito kilikuwa kimefurika, na zeituni zilikuwa zimeanza kudondoka. Feruze alimrudishia Novruz salamu kwa sababu Novruz alikuwa na ngazi. Novruz aliiegemeza ukutani asubuhi na kuahidi kungoja chini avute kamba, Feruze akapanda na magunia. Gani alitoka nje akasema anavamia mali ya mtu.

"Nishtaki," Feruze alimwambia kutoka juu ya ukuta. "Ukipata jaji, niite. Tutaenda wote." Kisha akashukia upande wa pili.

Neno hilo lilifika mgahawani kabla ya saa sita, na Novruz, ambaye hangeweza kulikosa, alishuka kidogo tu kulisikia likisimuliwa. Alimlipia kahawa kila aliyelirudia. Huko juu Feruze alijaza magunia manne, akayaburuta mpaka ukutani, akarusha kamba upande wa pili na kuita. Hakuna aliyeivuta. Aliita tena, kisha akapanda juu ya gunia, akashika ukingo wa ukuta na kuchungulia.

Ngazi haikuwepo. Baadaye polisi walimwambia wasingeweza kuligusa suala hilo, kwa kuwa liko mahakamani. Siku ile aliyaacha magunia palepale, akarudi kwa njia ya kijitoni, maji yakimfika mapajani, koti likielea nyuma yake. Alipopita mbele ya nyumba ya Gani aliiona ngazi. Ilikuwa imeegemezwa uani, kwenye mti wa persimoni uliojaa matunda, na mtalii mmoja alikuwa juu yake akichuma, akamsalimu kwa furaha.