Kiganja Cheupe Mlangoni kwa Mama

Jioni nilikifuta kiganja cheupe mlangoni kwa mama. Asubuhi kilikuwa kimerudi.

Mtaa mzima ulikiona. 

Ngoja niwaeleze. Mimi ni mchoraji wa katuni. Shujaa wangu nilimpa alama ya kiganja cheupe: ukikiona mlangoni, jua nyumba hiyo inalindwa. Watu wakaipenda hadi wakaipaka kwenye milango yao. Kwa mama niliipaka mwenyewe, naye akatamba mtaani utadhani kajengewa ghorofa.

Halafu mhariri akaniita. "Kaka, hadithi imepoa. Tia hofu."

Nikatia. Kwenye toleo jipya, adui anaiba ile alama. Mlango wenye kiganja, kesho yake mwenye nyumba haonekani, na aliyemsaidia anafuata.

Toleo likauzika kama njugu. Mtaani, milango ikasuguliwa. Jirani yetu, fundi cherehani, akanijia.

"Mwanangu, najua ni michoro tu. Ila hicho cha mama yako kifute, watu hatulali."

Nikakifuta, mama akiwa ndani. Sikuona haja ya kumwambia. Kikarudi.

Kuanzia hapo, mama akisalimia, watu wanaitikia huku wameshika kitasa.

Wiki hiyohiyo, mchana kweupe, kifua kikambana mama. Akagonga kwa fundi. Cherehani ikanyamaza. Akagonga mlango wa pili, redio ikazimwa. Nilipofika nilimkuta amekaa kizingitini kwake, keshakata roho.

Fundi alilia kuliko mimi. "Nilimsikia, mwanangu. Niliogopa nami nitafuata."



Nikajiapiza kumsaka mhuni aliyekirudisha kile kiganja. Nimkamate, anijue.

Shangazi alipotoka kumwosha mama, alinivuta pembeni. "Hivi mama yako alikuwa anapaka nini? Kiganja cha kulia kina rangi nyeupe, tumesugua mpaka tumechoka."

Nikaenda mlangoni. Nikaweka mkono wangu juu ya kile kiganja. Kilikuwa kidogo kuliko changu.

Maskini mama, hakulisoma toleo jipya. Alijua lile la kwanza tu: nyumba hii inalindwa.

Leo mhariri kapiga simu. Kanipa pole, kisha anataka hofu iongezwe.

Ndugu zangu, hofu ukishaichora, kifutio chake hakipo. Nami nimekaa hapa na kalamu mkononi, maana kazi nyingine siijui.